Papa Jules na Spitfire za Shiling

Ninyi mliobaki kazini mmeniomba niwaachie neno kabla sijasahau. Nadhani mlitarajia ushauri. Ushauri ninao mmoja tu: vaeni viatu vya chini, maana ukaguzi wa mizigo Guangzhou ni kazi ya kusimama. Mengine yote mtayajua kwa kukosea, kama sisi. Ila ipo hadithi ya ndege ambayo kila mmoja wenu ameisikia kwa namna yake pale kwenye jengo letu la Tianxiu Dasha, na karibu kila namna ni uongo. Mimi nilikuwepo. Acheni niisimulie, kisha mwendelee na uongo wenu mkipenda.

Nilitoka Mwanza nikiwa mjane, binti yangu Upendo nimemwacha kwa dada yangu, nia yangu ni kununua magauni ya soko la Shahe hapa Guangzhou na kurudi nyumbani kuyauza. Siku ya kwanza Shahe nilichagua magauni mazuri mno, nikayabeba mwenyewe, nikayafungua chumbani. Mengi yake yalikuwa na mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi. Nilirudi kwa muuzaji, akaniambia ndiyo fasheni. Nusura nimwamini, maana aliniambia kwa upole sana.

Aliyeniokoa ni Mzee Malisa, wakala wa mizigo kutoka Arusha, ambaye alicheka mpaka akakaa juu ya robota la watu. Alipomaliza kucheka alinifundisha kazi. "Mama Upendo," aliniambia, "usitazame pale muuzaji anapokuonyesha. Tazama pale anapoweka kidole." Ndiye aliyenipa zana zangu za mwanzo: tochi ndogo, futi kamba ya fundi cherehani, leso nyeupe ya kusugulia rangi, na sumaku ya kujua kama kitu kinachong'aa ni shaba au ni chuma kilichopakwa. Sumaku ile ilinifanya nichukiwe na wauzaji wengi, nami nikaona nimeanza kuiweza kazi. Magauni nikaacha kununua. Wafanyabiashara waliokuwa wakirudi nyumbani wakaanza kuniachia mizigo yao niikague kabla haijafungwa.

Mmojawapo alikuwa Papa Jules wa Lubumbashi, mwanafunzi wa mapadri, mtu wa suti kila siku hata kwenye joto lile la Guangzhou linalolowesha mpaka mawazo. Alinunua mikoba Shiling, mji wa ngozi huko Huadu, akaipeleka kwao. Sifa zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, hakuna mtu aliyejua mkoba kama yeye. Alikuwa anaupindua kwanza, anautazama tumbo kabla hajautazama uso, kwa sababu mshonaji akichoka hufichia uchovu wake huko chini. Ya pili, alibishana. Alibishana na wauzaji, na wenye mabasi, na mchungaji wakati wa mahubiri. Nimewahi kumkuta akibishana na lifti ya Tianxiu Dasha, akiieleza kwa Kifaransa kwamba yeye ndiye aliyebonyeza kwanza.

Sasa ndege. Pale Shiling palikuwa na mama mmoja tuliyemwita Laoban Xu. Laoban ni bosi, na yeye alikuwa bosi kweli, mfupi, mwenye sauti ya kufungua geti. Karakana yake ilimimina vile vifungo vya mikoba vinavyong'aa. Duka moja la kumbukumbu huko Uingereza likaona umiminaji wake ni safi, likamwagiza ndege ndogo za kuweka mezani: Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili. Mteja akataka mkaguzi wa nje anayejua Kiingereza. Laoban Xu alimjua mmoja tu, mwanamke mwenye sumaku. Ndivyo mimi, mtoto wa muuza dagaa wa Mwanza, nilivyogeuka mtaalamu wa ndege za vita.

Nilidhani ndege ni ndege. Mteja akaniletea michoro, nami nikagundua kwamba Spitfire si ndege moja bali ni ukoo mzima. Ilianza kabla ya vita, na kadiri adui alivyopata ndege kali zaidi, Waingereza nao walibadilisha hiki na kile, wakaipa kila toleo namba yake. Zile za mwanzoni kabisa za toleo la Kwanza zilikuwa na pangaboi la mbao la mapanga mawili, na bunduki nane nyembamba zimefichwa ndani ya mabawa. Ya Tano ikawa na mapanga matatu, na yetu ilikuwa na mizinga miwili imechomoza mbele ya mabawa. Ya Tisa ilipewa injini yenye nguvu zaidi, pua ikarefuka, mapanga yakawa manne. Ya Kumi na Nne ilitiwa injini kubwa ambayo haikuenea vizuri chini ya boneti, wakalazimika kuweka vinundu viwili juu ya pua, na pangaboi la mapanga matano. Ya majini ilikuwa na kulabu mkiani ya kunasia kamba melini. Na ya mwisho ndiyo niliyoipenda: ya kupiga picha, haina bunduki hata moja. Ilienda vitani na kamera tu, ikitegemea mbio.

Hiyo ya picha ndiyo iliyonipa kesi yangu ngumu ya kwanza. Nilifika karakana nikakuta wamezipaka nyingine rangi ya waridi badala ya bluu, rangi ya keki ya harusi. Nilikataa mzigo wote. Laoban Xu alinipigia kelele mpaka majirani wakaja kutazama, nami nikasimama imara nikamweleza kwamba wanaume hawaendi kupigana ndani ya kitu cha rangi ile. Mteja alipojibu akasema asante kwa umakini wangu, lakini zilikuwa za waridi kweli, zipotee kwenye mawingu ya alfajiri. Laoban Xu akawa ananiwekea chai kwa kuisukuma. Tangu hapo nimekuwa mwangalifu kusema kitu fulani hakiwezekani.

Kisha ukaja wakati wa misako. Ninyi mnaosasisha viza zenu leo hamwezi kujua ilivyokuwa. Zilikuwa viza za kupima kama dawa ya kikohozi, na mara nyingi jibu lilikuwa hakuna. Pasipoti ziliulizwa mlangoni, darajani, kwenye foleni ya tambi. Tianxiu Dasha, jengo la makelele kuliko soko, likawa kimya. Ukisikia buti kwenye ngazi, mlango wa kila ofisi unafungwa na wateja wanabaki ndani wakitazamana. Mimi nilikuwa na bahati: Laoban Xu alikuwa ameshaniandikisha kama mkaguzi wake na kibali ninacho. Papa Jules hakuwa na bahati hiyo. Viza yake ilikuwa inakwisha, na walikuwa wamekataa kuiongeza.

Kama angekuwa peke yake, angerudi Lubumbashi, angebishana na watu wa huko kidogo, kisha angejaribu tena. Lakini mkewe Chantal alikuwa mjamzito, mimba imekua, na daktari alikuwa amemkataza kupanda ndege. Alishapoteza mtoto mmoja hapo nyuma. Mumewe akiondoka, angejifungua peke yake katika wodi ambayo hakuna anayejua Kiswahili wala Kifaransa. Yeye Chantal alikuwa mwanamke mkimya, na siku aliponiuliza ukiumia unasemaje kwa Kichina, roho yangu iliuma. Nilimfundisha neno lile, nikatoka nje, nikalia kwenye ngazi.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Laoban Xu. Oda ya ndege ilikuwa inakua, mimi mmoja sikutosha, na karakana ilikuwa na nafasi ya kuandikisha mgeni mwingine. Alikubali kwa sharti kwamba Papa Jules asibishane. Nikamwahidi. Msinitazame hivyo. Kazi ilikuwa ya kweli kabisa; ambaye bado hakuwa wa kweli ni mfanyakazi. Na hapo ndipo palipokuwa na hatari, maana siku hizo afisa wa vibali alikuwa anakuja mwenyewe karakana kumwona mgeni akifanya hiyo kazi iliyoandikwa. Akimwona hajui, kibali hakuna, na siku za Papa Jules zilikuwa zimebaki kidogo.

Nikapanga ndege zangu juu ya meza ya ofisi, nikaanza shule.

"Maman," alisema Papa Jules, "mi niko muntu ya mikoba. Ndege, apana."

"Kuanzia leo wewe ni mtu wa ndege. Hii ni ya ngapi?"

"Iko ya kijani."

"Papa Jules!"

"Mais zote ziko kijani, Maman! Kijani na udongo. Ile tu ya bleu njo inajitambulisha."

Nikamwambia ahesabu mapanga ya pangaboi. Mawili ya Kwanza, matatu ya Tano, manne ya Tisa, matano ya Kumi na Nne. Hapo akafurahi, kwa sababu kuhesabu haraka ni kazi yake. Haikupita siku nyingi akawa anazitaja kutoka mlangoni, hajavua hata koti. Nikataka kumfundisha na mengine. Nikamwonyesha rejeta chini ya mabawa: kwenye ya Tano, upande mmoja ni boksi na upande wa pili ni kikopo kidogo cha mviringo; kwenye ya Tisa na ya Kumi na Nne ni maboksi mawili yanayolingana. Nikamwonyesha vinundu vya puani. Alipiga miayo kwa heshima.

"Maman, mapanga inatosha. Mwalimu muzuri anajua kuacha."

"Na jambo la mwisho. Afisa akisema kitu, chochote, wewe kubali. Akisema ndege hii ni kuku, sema ndiyo, ni kuku."

Aliapa kwa mama yake. Kwenye suala la kutobishana, tulibishana karibu asubuhi nzima.

Siku ya afisa nilimtanguliza Papa Jules Shiling kwa basi, azoee harufu ya karakana na wafanyakazi wamzoee. Mimi nilibaki kumsindikiza Chantal kliniki. Nilipofika, nilimkuta amekunja mikono ya shati, anang'aa kwa furaha, na Laoban Xu anamtazama kwa upendo. Nikajua kuna balaa.

Mtaelewa kilichotokea kwa sababu na ninyi mngefanya hivyo hivyo. Alikuta ndege zimefungwa kila moja kwenye boksi lake, boksi limetuna mbele kwa sababu ya pangaboi. Mtu aliyeishi kwa kusafirisha kwa kontena hawezi kuvumilia kitu kama hicho. Sisi tunalipia ujazo, hiyo CBM tunayoiota usingizini. Ndiyo maana mikoba tunaishindilia mmoja ndani ya mwingine, viatu tunavivua maboksi, na mwanasesere tukiruhusiwa tungemng'oa kichwa. Papa Jules, msimamizi mpya, alitoa amri yake ya kwanza. Wafanyakazi waling'oa mapangaboi yote, wakayatia kwenye gunia moja, wakazilaza ndege kama dagaa, na gunia likaondoka na gari la ghala. Hata za maonyesho zilizokuwa rafuni hazikupona.

Nakiri kwamba hisia yangu ya kwanza ilikuwa kumsifu, maana katoni zilipungua sana. Ya pili ilikuja nilipoona rafu. Zile ndege zilikuwa zimekaa pale na pua butu, zote zimefanana kama watoto wa shule walionyolewa.

"Papa Jules," nilimwambia polepole, "leo utahesabu nini?"

Nikaona suti yake inalegea juu ya mabega. Wakati huohuo gari la afisa likaingia getini.

Alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alisalimia, akanywa chai, akatembea karakana, akafika kwenye rafu, akasimama. Uso wake ukabadilika, akawa na furaha ya kitoto.

"Spitfire," alisema. "Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiziunga za plastiki. Nilikuwa nazo zote."

Katika watu wote wa mkoa ule mkubwa, tulipelekewa huyo.

Akachukua ya kwanza, akamuuliza Papa Jules ni toleo gani. Papa Jules alitazama pua, pale palipotakiwa kuwa na mapanga, akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Basi akafanya alichokuwa akifanya maisha yake yote: aliipindua. Kulabu ikaonekana chini ya mkia.

"Ya majini," alisema kwa Kichina chake cha sokoni.

Ya pili ilikuwa ya bluu, akasema ya picha. Ya tatu akaipindua tena, akaona upande mmoja boksi na upande wa pili kikopo, akapapasa mizinga kama anayepapasa zipu, akasema ya Tano. Nikaanza kupumua. Kumbe alikuwa akisikiliza wakati anapiga miayo.

Ya nne, afisa hakuuliza. Aliinua juu kwenye mwanga, akatabasamu, akasema mwenyewe, "Na hii bila shaka ni ya Kumi na Nne."

Ilikuwa ya Kumi na Nne. Vinundu vilikuwa palepale juu ya pua. Kilichobaki ni neno moja, ndiyo, na Chantal hatajifungua peke yake. Papa Jules aliichukua ndege mkononi mwa afisa, akaipindua, akaona maboksi mawili yanayolingana.

"Bushi!" alisema, yaani sivyo. "Hii ni ya Tisa."

Nilimkanyaga mguu.

"Ya Kumi na Nne," alisema afisa. "Tazama vinundu hivi."

"Vinundu ni kasoro ya kalibu."

"Kalibu yangu haina kasoro!" Laoban Xu alifoka, na mashine mbili zikazimwa ili watu wasikie vizuri. "Nimemimina vifungo tangu wewe hujui njia ya kuja hapa!"

"Laoban, ina kasoro. Tazama tumbo! Tumbo halidanganyi!"

"Papa Jules," nilimwambia kwa Kiswahili, nikitabasamu kwa ajili ya afisa, "kubali, nakuomba. Mfikirie Chantal."

"Maman, wacha."

Akaendelea. Alimweleza afisa kuhusu maboksi, urefu wa pua, na vita yenyewe, ambayo aliisimulia kana kwamba alikuwa jikoni kwa majemadari. Alimwambia kama haamini, twende wote ghalani tukafungue gunia na kuhesabu mapanga. Afisa naye akawa mwekundu, akavua miwani, akaweka kidole juu ya vinundu, wakawa wanavutana ile ndege kama akina mama wanaogombea kitenge. Niliwaza namna ya kumwambia Chantal.

Ghafla afisa akanigeukia mimi. "Wewe ndiye mkaguzi. Ni ya ngapi?"

Nikisema ya Kumi na Nne, nimemzika Papa Jules. Nikisema ya Tisa, nimemdanganya mtu anayejua.

"Mimi," nilisema, "nakagua rangi tu."

Afisa akarudisha miwani usoni, akaitazama ndege, akamtazama Papa Jules aliyekuwa akitweta, kisha akamwambia Laoban Xu maneno ambayo nitayakumbuka mpaka nizikwe.

"Tangu nianze ziara hizi, kila ninapoingia watu wananikubalia. Nikisema shati ni suruali, wanasema ndiyo, suruali nzuri. Huyu amekosea. Ni ya Kumi na Nne. Lakini mtu asiye na kazi hapa asingegombana nami kwa ajili ya rejeta." Akachukua begi lake. "Mje mchukue kibali. Na huyo anayemfundisha aongeze bidii." Aliposema hivyo alikuwa ananitazama mimi.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye mapafu ya baba yake. Nilikwenda wodini na supu ya kuku, nikamkuta Chantal amelala amefumba macho, na Papa Jules, suti na tai, amekaa kando ya kitanda na mtoto mkononi. Nilikuwa nimelibeba swali langu tangu Shiling.

"Niambie kweli," nilimwambia. "Siku ile ulijua kwamba ni ya Kumi na Nne?"

"Ile gani?"

"Ile ndege!"

"Aa, Maman. Ndege nilisahau zote palepale. Mi niliangalia ule muntu tu. Alisema namba na kucheka, sawa vile muuzaji wa Shahe anataja bei ya kwanza. Sasa bei ya kwanza, nani anaikubali? Ukiikubali, anajua uko mugeni." Akajiweka sawa kwenye kiti, mtu mwenye akili kupita wote Guangzhou. "Mi nilipanga yote mu kichwa."

Nilikaribia kumwamini. Chantal akafungua jicho moja.

"Usimuamini, Maman. Ile siku aliingia nyumba na kulia, kulia tu, hawezi hata kusema. Mi nikafikiri banatufukuza."

"Mais non," alianza Papa Jules, na kifua kikajaa hewa kama pale karakana. Lakini binti yake alikuwa amelala juu ya mkono wake, ikabidi abishe kwa kunong'ona.